Mabasi hayasimami tena Gairo. Niuze nyumba nihamie kwa mwanangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 51, mjane, mamalishe wa Gairo, katikati ya Morogoro na Dodoma. Kwetu hasa ni Mpwapwa, ila Gairo nimefika mwaka 1997 nikiwa nimeolewa na fundi pancha aliyekuwa na kibanda chake kando ya barabara. Watoto wetu wawili wamesomeshwa na barabara hiyo.

Nilianza na beseni kichwani. Basi likisimama, kondakta anapaza sauti, "Dakika kumi, wa kuchimba dawa washuke!", nasi tunakimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, mahindi na karanga. Baadaye mume wangu alinijengea banda mbele ya nyumba, nikaweka mabenchi, nikapika wali maharage na ugali kwa kuku wa kienyeji. Basi lililotoka Dar alfajiri lilitufikia abiria wakiwa na njaa. Kuna siku nilipika kilo 18 za mchele na jioni nikaosha sufuria tupu.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa kusafiri usiku, mengine yakaanza kutupita tumelala. Halafu Julai 2024 treni ya umeme ikafika Dodoma. Shangazi, sina ugomvi na treni. Nimeipanda mwenyewe kumpeleka mjukuu wangu Dar, chini ya saa nne tukawa tumefika, nikasema moyoni kwamba watu hawana kosa. Lakini reli inapita Kilosa, sisi tuko mbali nayo. Sasa napika kilo 5, na zipo siku nabaki na sufuria nusu nawagawia watoto wa jirani.

Mwanangu wa kiume ana kazi Dodoma, amejenga Nzuguni. Anasema, "Mama, uza hapo, njoo upumzike, utalea wajukuu." Na mnunuzi amempata yeye mwenyewe, mtu wa Dar anayetaka kujenga ghala. Anatoa milioni 12, lakini anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Binti yangu ameolewa Kibaigwa.

Kinachonishika mguu ni watu. Mume wangu alipofariki mwaka 2019 tulikuwa Morogoro hospitali. Sikujua hata gari la kumleta nitalipataje. Kufika nyumbani nikakuta turubai limefungwa, kuni zimepasuliwa, maji yamejazwa mapipa. Madereva wa bodaboda walikuja kutupokea njiani. Mama wa saluni aliye mkabala na kwangu alilala na mimi kwenye mkeka usiku saba, mtoto wake mchanga akiwa kwa bibi yake. Dereva mmoja wa lori, Mnyarwanda ambaye nilimjua kwa sura tu kwa kuwa alikuwa akila kwangu, alisimamisha gari, akatoa rambirambi, akakaa msibani saa nzima na kofia mkononi. Nikihama, Shangazi, nitakuwa nimewalipa nini hawa?

Jambo la pili, mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tulikuwa 22, tumebaki 13. Wenzangu wanataka tuvunje sanduku kabla ya wakati, kila mtu achukue chake. Mwanangu anasema hiyo ni dalili tosha kwamba mji umekwisha. Kikundini sijamwambia mtu kwamba nafikiria kuondoka, wala kwamba mchele wangu unalala. Naona haya. Mimi ndiye niliyewahimiza wakope wapanue biashara.

Nisaidie, usingizi sipati.

Mama J., Gairo

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa mume, hata kama ni miaka sasa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili na umeyafunga kwenye kanga moja. La kwanza ni la biashara: nani atakula wali wangu? La pili ni la maisha: nitazeekea wapi, na nani? Mwanao anakujibu la pili kwa sababu ya la kwanza. Biashara imepungua, basi uhame. Hapo ndipo nasimama. Mchele kubaki sufuriani ni habari ya sufuria. Hakujasema chochote bado kuhusu mama wa saluni.

Nianze na nyumba, maana hiyo ndiyo yenye tarehe. Hujaniandikia imeandikwa jina la nani. Kama ilikuwa ya marehemu na mirathi haijafunguliwa, huna cha kumuuzia mtu kabla ya mwezi kuisha, hata ungetaka. Utahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kikao cha familia chenye muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, kisha Mahakama ya Mwanzo imthibitishe. Binti yako wa Kibaigwa umemtaja kwa sentensi moja, fupi kuliko uliyompa Mnyarwanda. Naye ni mtoto wa marehemu. Ana haki yake katika nyumba ile, na pengine ana neno ambalo hakuna aliyemuuliza. Nauli ya Kibaigwa si kubwa. Nenda ukalale kwake usiku mmoja kabla hujamjibu mtu yeyote.

Na mnunuzi anayekuhesabia siku, mwogope. Mtu wa ghala anaitaka barabara. Anajua kitu ambacho ninyi mmekisahau kwa sababu ya machungu ya mabasi: malori bado yanapita hapo mlangoni kwako, ya kwenda Singida na Rusumo, Rwanda, Burundi na Kongo. Kama kiwanja hicho hakina thamani tena, mbona anakiharakisha?

Sasa biashara. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Unapika kilo 5 lakini bado unapika kwa ajili ya basi. Wali maharage tayari saa tano, kuku kwenye sinia, unakaa unaangalia barabara. Abiria wa basi alikuwa mteja mzuri sana: ana njaa, ana dakika kumi, hajui bei za pengine, na kesho hatarudi kulalamika. Mteja wa namna hiyo akiondoka hapatikani mwingine wa kufanana naye. Dereva wa lori hana haraka ile. Anafika jioni, anataka supu, anataka maji ya kuoga, anataka mahali ambapo gari lake litaonekana akiwa anakula. Mwalimu anataka chakula cha bei ya mwalimu na kulipa mwisho wa mwezi. Gairo ni wilaya tangu mwaka 2012. Ina ofisi za halmashauri, ina watumishi waliopangiwa kazi huko bila familia zao, na watu hao saa saba mchana wana njaa kama abiria yeyote.

Chukua daftari la shule. Kwa siku 14 andika kila aliyekula kwako: wa basi, wa lori, wa bodaboda, wa ofisini, wa gulioni, jirani. Andika alikula nini, saa ngapi, alitoa shilingi ngapi, na kilichobaki sufuriani. Usibadili chochote katika upishi siku hizo, andika tu. Wewe ni mweka hazina, kazi hiyo unaiweza kuliko mimi. Ninachotaka ukione kwa macho yako ni kama banda lako sasa hivi linalishwa na wapita njia au na wenyeji. Ukikuta kati ya sahani 30 sahani 20 ni za watu unaowajua majina, basi ulikwisha kuhama barabarani bila kujijua, na kilichobaki ni kubadili saa za kupika. Ukikuta ni kinyume, ninyi mamalishe mnagombania abiria wachache waliobaki, na hapo nitakuwa wa kwanza kukwambia funga banda. Kufunga banda, nimesema. Nyumba ni habari nyingine.

Sasa nikukumbushe kwenu. Wewe ni mtu wa Mpwapwa, na mamalishe wa kwanza wa njia hii nadhani walikuwa bibi zako. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Mpwapwa kwa sababu ya maji, maana mbele yake kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo. Mapagazi walifika na njaa, na wenyeji waliwauzia nafaka na mbuzi. Wajerumani walipojenga kituo chao hapo mwaka 1889, ni kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa hapo. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka 1910 ikawa imefika Dodoma, na Mpwapwa haikupita. Ilipita Gulwe, kusini yake. Fikiria mama mmoja wa Mpwapwa mwaka ule, na nafaka yake ghalani, anangoja mapagazi ambao wamepanda garimoshi.

Mpwapwa haikufa, mwanangu. Wewe umezaliwa huko, wewe ndiye ushahidi. Ilipata chuo cha ualimu, ikapata utafiti wa mifugo mpaka kuna ng'ombe wanaoitwa kwa jina lake. Sikwambii hivi ili nikudanganye kwamba mambo hujirekebisha yenyewe. Mpwapwa ilipungua kweli, na Dodoma, iliyokuwa kijiji cha Wagogo, ikawa mji mkubwa kwa sababu ya reli ile ile. Kuna watu waliotoka wakaenda kufuata stesheni na hawakukosea. Ninachosema ni kwamba waliobaki hawakubaki wakingoja mapagazi. Waligeuka wakawa watu wa mji wenye shule, mifugo na mashamba, mji unaojilisha wenyewe kwanza.

Haya, tuje kwenye kikundi. Hapa ndipo barua yako iliponiuma zaidi, na si pale ulipodhani.

Unaniambia mimi, mtu ambaye hujawahi kumwona, kwamba mchele unalala na usingizi huupati. Mama wa saluni, aliyelala na wewe mkekani usiku saba, hajui. Umemficha. Wenzako 12 hawajui. Na mimi nakuapia kwamba kila mmoja wao nyumbani kwake ana sufuria yake iliyobaki nusu, na kila mmoja anaona haya kama wewe, anadhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Ndiyo maana wanataka sanduku livunjwe. Hawajaukataa ushirika wenu. Kila mtu anajiokoa gizani asimwone mwenzake. Hao tisa walioondoka, je, kuna aliyeaga? Au siku moja mlikuta tu mlango una kufuli?

Umeniuliza utawalipa nini. Mwanangu, msiba haulipwi, tunazikana. Lakini deni moja unalo kwao, nalo ni kuwaambia ukweli. Itisha kikao. Usianze na hesabu za sanduku. Anza na zako: nilikuwa napika kilo 18, sasa 5, mwanangu anataka nihame, sijaamua. Kisha nyamaza. Utashangaa midomo itakayofunguka.

Baada ya hapo ndiyo mje kwenye fedha. Kama wengi bado wanataka kugawana, msizuie, hisa ni mali ya mwenye hisa. Ila mfanye kama katiba yenu inavyosema: mikopo ikusanywe kwanza, daftari lisomwe mbele ya wote, wenye funguo tatu wote wawepo, kila mtu apate kwa idadi ya hisa zake na si kwa ukubwa wa sauti yake. Aliyekopa na hana, mpangieni muda badala ya kumfukuzia kuku, maana kukopa mlihimizana. Na mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na misiba, ningekuwa mimi ningeomba kikao kiuache. Hata mkigawana kila kitu kingine, anzeni upya wiki inayofuata na hisa ndogo, ya bei ambayo mwenye kilo 5 ataiweza. Kikundi cha watu 13 wanaoambiana kweli kina nguvu kuliko cha 22 wanaojificha.

Kuhusu ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, maana najua mtu atawatajia: ipo kwa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa. Lakini msikope kurudisha biashara ya madirishani. Kopeni baada ya madaftari, mkishajua mnamlisha nani. Kama ni maegesho ya malori yenye taa, bafu na chakula cha usiku, mkiendesha kwa pamoja na kijana wa pancha, kama yupo aliyerithi kazi ya mumeo, hilo ni jambo la kupeleka halmashauri. Kama ni kila mmoja banda lake na sufuria zile zile, mtaongeza deni tu.

Umeomba ushauri wa kuhama, nami nimezunguka sana. Nakuja.

Mwanao anakupenda, na ameona kitu cha kweli. Mji ukipoteza wateja wake hauwezi kumlisha mtu kwa shukrani ya msiba wa mwaka 2019. Upendo wa majirani haununui dawa. Lakini yeye alipokuwa mtoto Gairo alikuwa na mama, baba, mtaa mzima uliomchapa akikosea na kumlisha akipitiwa na njaa. Anachokupa wewe Nzuguni ni chumba, wajukuu, na geti. Wenyewe wataondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Nimewaona wamama wengi wa umri wako waliokwenda "kupumzika" kwa watoto wao mjini. Wanashiba, wanavaa vizuri, na wanapoteza neno la kusema. Mwezi wa tatu wanaanza kuumwa ugonjwa usioonekana kwenye vipimo. Wapo pia waliochanua huko, wakapata kanisa au msikiti, wakapata jirani, wakaanzisha genge dogo mlangoni. Mimi sijui wewe ni yupi. Mwanao pia hajui. Na wewe mwenyewe hujui, ndiyo maana hulali.

Basi kajaribu. Mpe banda binti mmoja wa kikundi aliendeshe kwa mwezi mmoja, mwandikiane, uende Nzuguni na begi la nguo tu. Usiende kama mgeni wa wikendi. Pika, lea, tembea mtaani, tafuta sokoni pa kusimama kuzungumza. Uone siku ya 20 unaamka ukiwaza nini. Ukikuta unawaza wajukuu, rudi Gairo uage watu kwa heshima, ufungue mirathi na bintiyo akiwemo, uuze kwa bei ya mtu asiye na haraka, au upangishe uendelee kuwa na mlango wako huko. Ukikuta unawaza turubai, mkeka na sauti ya malori yakibadili gia usiku, utakuwa umepata jibu bila kuuza tofali.

Kwa mwanao usitume ujumbe wa simu. Mpigie, jioni, akiwa ametulia, umwambie hivi: "Baba, nakuja kukaa mwezi. Nyumba siuzi sasa, kwa sababu dada yako hajaulizwa. Mwambie yule mtu asitusubiri." Atapinga. Mwache apinge mpaka amalize. Kisha mwulize kama anakumbuka nani alimshonea sare ya kwanza ya shule mwaka ambao baba yake hakuwa na kazi. Mimi sijui ni nani. Lakini katika mji kama wenu, lazima yupo.

Na kabla ya simu hiyo, leo leo, vuka barabara uende saluni. Ukisuka au usisuke, kaa kwenye lile benchi mpaka wateja waishe. Nisalimie sana huyo mama.

Shangazi